Karibu ya Tatu

Kila alfajiri Ethel aliyagawa maji kama padri anavyogawa mkate mtakatifu, kwa kipimo na kwa heshima. Kikombe kimoja kilikuwa cha kunawa uso, na maji yaliyotoka usoni hayakumwagwa bali yalikingwa kwenye beseni. Beseni hilo ndilo lililooshea vyombo vya jana. Maji ya vyombo nayo, yakishatuama, yalipelekwa kwenye mche wa mpapai nyuma ya jiko. Hivyo katika nyumba yake kila tone lilifanya kazi tatu kabla ya kuzikwa. Uwanda wa Newala una mikorosho, una mihogo, una upepo wa kumponya mgonjwa, lakini maji yako chini bondeni, mwendo wa saa moja kushuka na saa mbili kupanda na ndoo kichwani.

Asubuhi hiyo ya kiangazi cha mwaka wa tisini na nne alikuwa ameinama juu ya beseni, kikombe kikiwa njiani kwenda usoni, sauti ilipopasuka mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

Kikombe kilimponyoka, kikagonga ukingo wa beseni, na beseni likapinduka. Maji ya uso, maji ya vyombo na maji ya mpapai yakanywewa na mchanga kwa funda moja. Ethel aliitazama ile alama ya unyevu ikififia, akameza alichotaka kusema, kisha akaitika kwa sauti ya upole, "Karibuni!"

Walikuwa wazee wawili, wamevaa kana kwamba wamekuja kuposa. Wa kwanza alikuwa Mzee Swalehe, diwani wa kata ya Mkongwela kwa miaka mingi, kofia yake ya kiua ikiwa imefuliwa ikanyooka. Wa pili alikuwa Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa, aliyevaa koti lake la Pasaka.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mama Agnes. Mmeamkaje hapa?"

"Tumeamka salama. Karibuni uji."

"Ah, sisi tumekwisha kunywa," alisema Mzee Swalehe, ingawa midomo yake ilikuwa mikavu kama ganda la korosho.

"Karibuni tu, ni wa moto."

"Tumeshiba, mwanangu."

"Jamani, hata kidogo!"

"Haya basi, tusikuvunje moyo." Wakanywa bakuli mbili kila mmoja, na Mzee Abrahamu akakomba la pili kwa kidole.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Mkongwela. Karibu ya kwanza hukataliwa, ya pili husitiwa, ya tatu hupokelewa. Anayepokea ya kwanza huitwa mlafi, na asiyekaribisha mara ya tatu huitwa mchoyo. Watoto huijua hesabu hiyo kabla ya kuijua alifu na be. Kwa uji ilikuwa desturi nzuri. Tatizo ni kwamba watu wa Mkongwela waliichukua wakaenda nayo kila mahali.

Cuthbert, mume wa Ethel, alitoka kwenye karakana yake akiwa na vumbi la mbao nyusini. Alikuwa seremala hodari na mtu mpole, ambaye hata msumari aliupigilia kama anauomba radhi. Ethel alirudi jikoni, lakini ukuta wa jiko lile ulikuwa wa fito, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Tumekuja kwa neno zito," alianza Mzee Swalehe. "Miguu yangu imegoma. Uchaguzi wa mwezi wa kumi ni wa vyama vingi, wa kwanza tangu kata hii iwe kata, si wa mchezo. Jumamosi ijayo chama kinachagua jina moja la kugombea udiwani. Wazee tumekaa, tumetazama huku na huku, na katika nyumba hii tumemwona mtu."

Huko jikoni Ethel alijikuta amejifuta mikono kwenye khanga na kusimama wima, kama mwanafunzi aliyesikia jina lake likiitwa.

"Tumekuona wewe, Cuthbert," alimalizia Mzee Abrahamu.

Ethel akakaa tena, akakoroga sufuria ambalo halikuwa na kitu.

"Mimi, wazee wangu?" Cuthbert aliuliza, akitazama viganja vyake. "Mimi nani? Wapo wakubwa zangu."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kijana alikuwa ana adabu. Mzee Swalehe alikohoa, akajiweka sawa kitini, akafungua kinywa ili amkaribishe mara ya pili. Papo hapo barabarani kukatokea pikapu iliyofungwa kipaza sauti juu ya paa, ikinguruma kama upepo wa kusi.

"Wananchi wa Mkongwela! Ni mimi Majaliwa! Nautaka udiwani! Sijatumwa na mtu, nautaka mwenyewe! Na nikiupata nitautaka na uenyekiti wa halmashauri yote! Nikiukosa uenyekiti, hata umakamu mwenyekiti sikatai!"

Pikapu ilikwenda, ikageuka, ikarudi, na kila iliporudi neno la Mzee Swalehe lilirudi tumboni. Mwishowe wazee walisimama. "Basi, mwanetu, tumesikia," walisema, wakaaga kwa heshima zote. Karibu ya pili haikusemwa.

Ethel alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Agnes, unautaka udiwani au huutaki?"

"Si wameuliza mara moja tu?"

"Na wewe umejibu mara moja! Umesema wapo wakubwa zako. Wakubwa zako wa wapi? Mmoja miguu imegoma, mwingine anakomba bakuli!"

"Watarudi, mama Agnes. Mtu akiomba kitu mara ya kwanza, watu watasema ana njaa nacho."

"Na wewe huna njaa nacho?"

Cuthbert alipuliza vumbi kwenye randa yake. "Ningefanya wanavyotaka watu," alisema, na Ethel alitamani kumpiga kwa ule mwiko.

Lililomchoma lilikuwa jambo moja. Halmashauri ya wilaya ilikuwa imetangaza kwamba baada ya uchaguzi itagawa saruji ya miradi ya maji, na kata zitakazopata ni zile ambazo madiwani wake watasimama na kuomba. Ethel alikuwa na daftari. Alipokuwa chuo cha maendeleo ya wananchi kule Masasi alisomea upishi na ushonaji kama wasichana wote, lakini kila mapumziko alikwenda kuchungulia darasa la uashi. Humo aliona jinsi ya kuchimba tangi ardhini, kulisakafia, na kuliingiza maji ya mvua kutoka juu ya bati. Mkongwela ilikuwa na mapaa matano makubwa ya bati: la shule, la zahanati, la kanisa, la msikiti na la ghala la korosho. Kila masika maji ya mapaa hayo yalitiririka yakachimba makorongo njiani, kisha kiangazi kikija wanawake wale wale walioruka makorongo walishuka bondeni kutafuta maji. Mwaka uliopita, kwenye kona ya mawe, jirani yake Shakila aliteleza na ndoo akavunjika mguu. Alilala wodini katika hospitali ya Mkomaindo miezi miwili, na hadi sasa alitembea akiuvuta.

Ethel aliyachora matangi yote matano, akaandika vipimo na mifuko ya saruji, kisha akampa mumewe daftari ampelekee Mzee Swalehe. "Mwambie ni mpango wetu," alimwagiza. Hakusema wa nani hasa.

Siku zikapita kama maji kwenye chujio. Wazee hawakurudi. Ilisemekana wamekwenda kwa Mwalimu Ladislaus, mstaafu, ambaye kila mtu alijua kwamba alikuwa amekwisha kushona suti ya udiwani kwa fundi. Mwalimu Ladislaus naye alisema kwamba yeye ni mzee na mgonjwa, watafute vijana. Wazee walikunywa chai yake baada ya karibu ya tatu, wakaondoka baada ya karibu moja ya udiwani. Walidhani wana muda.

Majaliwa peke yake hakuwa na habari na hesabu hizo. Alikuwa Myao kutoka Masasi, amehamia na biashara huria kama wakala wa kununua korosho, na kwa kuwa yeye ni mtani wa Wamakonde alisema alilotaka bila mtu kununa. Alimkuta Ethel njiani, akasimamisha pikapu.

"Mtani! Mumeo bado anakataa uji?"

"Mwache mume wangu. Wewe umeahidi nini leo?"

"Bomba! Bomba kila ua!"

"Na maji yatatoka lini?"

"Aa, mtani, usinichanganyie mambo. Mimi nimeahidi bomba. Maji ni habari nyingine."

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Ethel alitaka kukasirika akashindwa, kwani hata yeye alicheka. Baadaye ndipo hasira ilipompata. Mtu aliyeahidi mabomba makavu alikuwa anauchukua udiwani, na hakuwa ameuiba. Alikuwa ameuomba, basi.

Ijumaa alishuka bondeni pamoja na Bibi Stamili. Huyu alikuwa ajuza mwenye ulimi usiofungwa kamba, maana katika ujana wake alikuwa kungwi, na kungwi amekwisha kusema yote yanayosemeka. Walipokuwa wakipanda, Ethel alimlalamikia mumewe kwenye mteremko wa kwanza, akawalalamikia wazee kwenye wa pili, na akamlalamikia Mwalimu Ladislaus na suti yake kwenye wa tatu. Walipofika kwenye kona ya mawe, pale alipoanguka Shakila, bibi alitua ndoo.

"Umemaliza?"

"Lakini bibi, hawakukasirishi? Mtu anataka kitu, anasema hataki, kisha anakaa anangoja! Kesho ni mkutano, na saruji itakwenda kwingine!"

"Wananikasirisha. Na wewe unanikasirisha kuliko wote."

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

"Hayo matangi matano ni mpango wa nani?"

"Ni wa... ni wetu. Mimi na baba Agnes."

"Mumeo anajua tangi moja hula mifuko mingapi?"

Ethel aligeuka akatazama bondeni.

"Nani atasimama Newala, mbele ya mwenyekiti na makamu wake na madiwani wote, akiulizwa mifuko mingapi, ajibu?"

"Bibi, mimi ni mwanamke tu wa..."

"Sikukuuliza hilo. Mimi nimewaweka wanawali ndani tangu mama yako hajazaliwa, na nawaambia neno moja wanaloona aibu kulisikia. Mficha uchi hazai. Aliye na haja akaificha, haja itamwozea tumboni. Nitwishe ndoo."

Ethel alimtwisha. Masikio yalimwaka moto, kwa lile neno la bibi na kwa kitu kingine. Njia yote iliyobaki hakumlalamikia mtu.

Jumamosi wajumbe wa chama walijaa kwenye ghala la korosho, lililokuwa tupu likingoja msimu. Ethel aliketi kwenye safu ya wanawake, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa tawi, na daftari, ambalo Mzee Swalehe alikuwa amelirudisha bila neno, alikuwa amelikalia. Msimamizi alikuwa Bwana Mahmudu, katibu aliyeletwa kutoka mkoani, mwenye miwani na kalamu ya wino mwekundu. Hakuwa mtu wa uwandani. Alisoma kanuni, akaomba majina.

"Majaliwa!" alipaza Majaliwa mwenyewe, akasimama. Watu wakacheka. Jina likaandikwa ubaoni.

"Mwalimu Ladislaus!" akataja Mzee Abrahamu. Mwalimu Ladislaus alinyanyuka taratibu ndani ya suti mpya. "Nawashukuru. Lakini mimi ni mzee na mgonjwa, watafuteni vijana." Akakaa, akanyoosha mikunjo ya suruali, akangoja.

Bwana Mahmudu alilikata jina kwa wino mwekundu.

Ghala zima lilivuta pumzi. Mwalimu Ladislaus aliutazama ule mstari kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua. "Ndugu msimamizi," alisema kwa sauti ndogo, "nilikuwa... umekata?"

"Umesema hutaki."

"Ndiyo, lakini nimesema mara moja tu!"

"Kanuni haisemi mara ngapi. Mwingine?"

"Cuthbert, seremala," alitaja mtu wa nyuma. Ethel aligeuka akamkazia mumewe macho. Sema ndiyo, yalimwambia macho hayo, sema ndiyo hata mara moja. Cuthbert alisimama. Aliitazama kalamu nyekundu, akawatazama wazee, na desturi ya babu zake ikamshika ulimi.

"Mimi nani?" alisema. "Wapo wakubwa zangu."

Kalamu ikapita. Cuthbert akakaa, na Ethel akafunika uso kwa viganja.

"Limebaki jina moja," alisema Bwana Mahmudu, akivua miwani na kuipangusa kama mtu aliyechoshwa na dunia. "Jamani watu wa Mkongwela, mnautaka udiwani au mnautafutia mwenyewe? Kama hakuna mwingine, naufunga ukurasa."

Miguu ya Ethel ndiyo iliyosimama kwanza, yeye akaifuata.

"Naomba kuuliza," alisema.

"Uliza, mama."

"Nilitaka kusema kwamba... kuna mpango wa maji. Upo kwenye daftari. Kwamba baba Agnes, kama wazee wangemuuliza tena..."

"Ameshakatwa."

"Ndiyo. Basi labda wazee wangetafuta mtu... mtu anayeujua ule mpango. Labda mtu huyo yupo."

"Nani?"

"Yupo tu. Si lazima nimtaje."

Hapo uvumilivu wa Bwana Mahmudu ulikatika kama kamba ya kisima. "Mama! Nimetoka Mtwara alfajiri. Nimewasikiliza wasiotaka wanaotaka, na wanaotaka wanaosema hawataki. Wewe, mwenyewe, hapo ulipo, unataka nini?"

Kwenye safu ya mbele Shakila alikuwa ameunyoosha ule mguu wake. Bibi Stamili alikuwa akitazama paa, kama mtu asiyehusika na lolote.

"Mimi," Ethel alisema. Akaliokota daftari pale alipokuwa ameketi. Kisha akaanza upya. "Nautaka mimi."

"Unataka nini?"

"Udiwani. Nautaka mimi. Mpango ni wangu, nimeuchora mimi, mifuko naijua mimi. Nimesema ni wetu, mimi na baba Agnes, kwa sababu niliona haya. Nimewakasirikia watu wote wiki nzima kwa kuwa hawasemi, kumbe asiyesema kuliko wote ni mimi. Andika jina langu."

Minong'ono ilianza kama mvua kwenye bati. Mzee Swalehe alijiinua kwa mkongojo wake.

"Mama Agnes, mwandiko wa daftari lile niliujua tangu siku ya kwanza. Macho yangu yalipopungua, si wewe uliyekuwa ukiniandikia barua za halmashauri? Siku ile tulikuja nyumbani kwako tukamwita mumeo, kwa kuwa wewe ulikuwa jikoni, nasi tukaona haya kuita mtu kutoka jikoni. Kosa ni letu pia. Na niwaambie wote jambo nisilopata kuwaambia. Miaka ile nikiwa kijana wa baraza, madiwani wenzangu walinitaja nigombee umakamu mwenyekiti wa halmashauri. Nikasimama nikasema, 'Mimi nani?' Nikangoja. Ningali nangoja. Pampu ya mwaka ule ilikwenda kwingine." Alipangusa jicho kwa ncha ya kanzu. "Sasa mwanangu, tufuate desturi, tukuulize. Mara ya kwanza: unautaka kweli?"

"Nautaka."

"Mara ya pili: una—"

"Babu, nisamehe," Ethel alimkatiza, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumkatiza mzee. "Usinikaribishe tena. Nautaka udiwani, naitaka saruji, nayataka matangi matano, na nikifika Newala sitaki kungoja kuulizwa hata mara moja."

Kicheko na vigelegele vililitikisa ghala. Bwana Mahmudu aliandika jina la Ethel ubaoni haraka, kana kwamba mwenye jina angebadilisha mawazo. "Anayemtaka Majaliwa anyooshe mkono." Mikono kumi na saba. "Anayemtaka Ethel." Mkono wa kwanza ulikuwa na vumbi la mbao, nao uliinuka bila kungoja karibu ya pili. Ikafuata mingine mpaka msimamizi akaacha kuhesabu. Katikati yake ulionekana mkono wa Majaliwa mwenyewe, ambaye alikuwa tayari amekwisha kuunyoosha mara ya kwanza.

"Mtani," alimwita kwa sauti kuu, "ungesema mapema ningekuazima hata kipaza sauti!"

Ethel alicheka huku machozi yakimtoka. Alipogeuka alikuta Bibi Stamili ameacha kutazama paa, na kwa mara moja kungwi yule hakupunguza sauti kwa ajili ya wanaume waliokuwapo. Alisema kila mtu asikie:

"Nilimwambia bondeni, na sasa nawaambieni nyote mliovaa suti na msiovaa: mficha uchi hazai."